Kinyesi cha ndege kilichotembea

Nilidhani ndege wameuchafua mndimu wangu wa uani. Nikaleta kitambaa nifute jani, "kinyesi" kikatembea! Kumbe ni kiwavi mchanga wa kipepeo wa michungwa, kajifananisha na uchafu ili asiliwe. Alipojivua ngozi mara kadhaa akawa kijani, mnene kama kidole cha mtoto. Nikamgusa, nyuma ya kichwa zikachomoza pembe mbili laini zenye harufu kali, hadi nikanawa mikono mara tatu. Mama akasema muue, atamaliza majani. Nikagoma. Kiwavi akajifunga kwenye kijiti kwa uzi wake mwenyewe, akawa pupa, yaani akatulia ndani ya ganda kabla ya kuwa kipepeo. Wiki mbili hivi baadaye, asubuhi, akatoka na mabawa yaliyokunjamana kama kanga iliyokamuliwa. Nilipomaliza chai yalishanyooka, meusi yenye madoa ya njano.