Kamati ya harusi tunayo, ya uzazi iko wapi?

Ukitaka kujua kwamba Wabongo tunaweza kujipanga, subiri mtu atangaze harusi. Wiki haijaisha, tayari kuna mwenyekiti, katibu, mhazini, kamati ya chakula, kamati ya usafiri, kamati ya mapambo, na kundi la WhatsApp linalokukumbusha ahadi yako kila asubuhi kabla hujapiga mswaki. Kicheni pati ina vikao vyake. Sendofu ina vikao vyake. Mwaka unapita, bibi harusi yuleyule anarudi kutoka wodi ya wazazi na mshono tumboni, na kamati nzima inakuja kumtazama mtoto, inakunywa chai, inaondoka. Vikombe viko kwenye sinki, vinamsubiri yeye.

Nimetoka kwa mdogo wangu, Chanika, ambako nimemaliza likizo yangu ya mwaka, siku 28 zote za sheria, nikimwangalia. Ofisini waliniuliza kama naenda Zanzibar kupunga upepo. Nilienda kufua nepi.

Alijifungua kwa upasuaji. Ukiwaambia watu hivyo, wapo wanaojibu, "Aah, kumbe hakusukuma," kwa sauti ile ya kumwambia mtu amepita njia ya mkato. Natamani wangemwona akitoka kitandani. Anageuka kwanza kwa ubavu, polepole, mkono mmoja umeshika mto uliobanwa tumboni. Anashusha miguu mpaka ining'inie. Halafu anajisukuma kwa kiwiko mpaka akae, anatulia, anavuta pumzi, ndipo asimame, na akisimama bado amejikunja kidogo kwa mbele. Kikohozi kikimshika uso unambadilika. Na safari yote hiyo ni ya kwenda kumchukua mtoto anayelia, na baada ya saa mbili ataianza upya, mchana na usiku, kwa sababu mtoto mchanga hunyonya mara 8 mpaka 12 kwa siku na hajui saa.

Shemeji yangu ni mtu mwema, tatizo lake ni kalenda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa baba siku 3 za likizo, na azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Kwa mke aliyefanyiwa upasuaji, siku hizo zinaishia kwenye benchi la hospitali, akitumwa dawa na kurudi na chupa ya chai. Siku mzazi anaporuhusiwa kwenda nyumbani, baba anarudi kiwandani. Wenzetu Kenya sheria yao inampa baba wiki mbili. Kwa mama, sheria yetu inasema siku 84, na 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, zenye malipo, na akirudi kazini apewe mpaka saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Mdogo wangu anauza kwenye duka la vitambaa la mtu Kariakoo bila mkataba wowote. Bosi wake alimwambia, "Ukipata nguvu utanipigia." Ndiyo likizo yake hiyo.

Mama yetu hatunaye tena, kwa hiyo alikuja mama mdogo kutoka Muheza, na mfuko wa pilipili manga, tangawizi, samli na mkaja wa kufungia tumbo. Kesho yake akateremka mama mkwe kutoka Marangu na gunia la ndizi mshare. Nyumba ya vyumba viwili, jiko moja la gesi, wanawake wawili waliolea wazazi maisha yao yote, kila mmoja na dini yake ya chakula. Mama mdogo anasema mzazi bila uji wa pilipili manga tumbo halisafiki. Mama mkwe anasema mzazi bila mtori hana maziwa, na huo uji utamchoma mtoto wa watu. Walikuwa na adabu sana, ile adabu ya "haya mama, pika tu wewe," huku sufuria zinagongwa kuliko kawaida.

Tulimaliza kwa zamu: uji asubuhi, mtori mchana, na kuku wa kienyeji akipatikana anakuwa wa wote. Mzazi alikula vyote bila kuchagua kabila. Mimi naona wote wawili walikuwa sahihi kuliko walivyojua. Mwanamke anayenyonyesha anahitaji takriban kalori 500 zaidi kwa siku, na kiu humshika mtoto akianza tu kuvuta. Chakula cha moto, laini, chenye maji mengi, kinacholiwa kwa kijiko kwa mkono mmoja: huwezi kubuni kitu bora kwa mtu mwenye mtoto kwenye mkono wa pili.

Vita ya kweli ilikuwa kwenye kukanda. Nesi alishasema mshono ukae mkavu, usikandwe wala kubanwa na mkaja. Mama mdogo akasema amekanda wazazi kabla huyo nesi hajazaliwa, na hajawahi kuona tumbo lililorudi lenyewe. Nilimwambia, mama, tumbo tuliache, lakini mgongo nani kaukataza? Akanyamaza, akaenda kuchemsha maji.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sijaacha kukifikiria. Mlango umefungwa, mzazi amekaa kwenye stuli ya plastiki na kanga kiunoni, mama mdogo nyuma yake na beseni linalotoa mvuke. Anachovya taulo, analikamua kwa nguvu mpaka vidole vinakuwa vyekundu, analijaribu kwanza kwenye mkono wake mwenyewe, halafu analilaza mabegani na kukandamiza kwa kiganja, taratibu, akishuka mpaka kiunoni. Kisha mapaja, kisha miguu iliyovimba. Haongei. Mdogo wangu akaanza kulia. Nikadhani maji ni ya moto mno. Akatikisa kichwa. Tangu atoke hospitali kila mkono uliomgusa ulikuwa unamtafuta mtoto. Huu wa mama mdogo ulikuwa umemfuata yeye.

Maziwa yalijaa usiku, kama kawaida yake kuchagua muda. Matiti yalikaza mpaka ngozi inang'aa, joto likampanda, na mtoto kila akijaribu kushika chuchu anateleza na kupiga kelele. Mama mkwe, kwa upendo kabisa, akasema apewe maji ya sukari kidogo tu, joto hili la Dar litamkausha. Nilimjibu kwamba maziwa yenyewe zaidi ya asilimia 80 ni maji, na kwamba kliniki wanasema miezi 6 asipewe kingine. Hakuridhika, ila aliniacha nifanye. Kitambaa cha uvuguvugu kwa dakika chache, kukamua kwa mkono kidogo kidogo mpaka pale panapozunguka chuchu palainike, ndipo mtoto awekwe, mdomo wazi kabisa, kidevu kimegusa titi, na ameingiza sehemu ile nyeusi, si ncha peke yake. Aliposhika, mama mkwe ndiye aliyepiga kigelegele, saa tisa usiku, na majirani wakajua.

Sasa wageni. Wageni wa mzazi wana maswali matatu. La kwanza ni masikio, maana wote wanajua kusoma rangi ya mtoto kwenye masikio. La pili kafanana na nani. La tatu, wanaloliuliza wakiwa wameegemea, "Maziwa yanatosha kweli? Mbona mwembamba?" Hili swali lingekuwa na faini. Mtu ana usingizi wa vipande vipande, ana maumivu, jambo pekee analoamini analifanya sawasawa ni kunyonyesha, halafu unakuja na sabuni ya unga na kumtoboa hapohapo. Mtoto akishapita wiki ya kwanza anakojoa mara sita au zaidi kwa siku na uzito unapanda kwenye kadi, maziwa yanatosha, mjadala umefungwa.

Nikatandika mkeka barazani. Mgeni anapokelewa pale, mtoto anatolewa akionwa kidogo anarudi ndani, na mzazi hatoki kama amelala. Na nguo za kufua niliziweka kwenye beseni palepale pembeni ya mkeka, makusudi. Jirani mmoja alinuna mpaka leo. Mwingine, mama mtu mzima, hakusema lolote: alikunja kanga, akafua beseni zima, akaanika, akaondoka na chupa yetu ya chai iliyokuwa tupu na jioni akairudisha imejaa. Huyo hakuuliza masikio.

Shemeji naye alipata yake. Alikuwa akitoka kazini anafua usiku na alijifunza kumwogesha mtoto, mtaa mzima ukasema kalishwa limbwata. Mama mdogo tayari alikuwa amemhamishia sebuleni na godoro lake, kwa hofu ya kumbemenda mtoto. Mimi siamini kwamba tendo la ndoa linaharibu maziwa. Mtoto anakonda kwa njaa na kwa maradhi. Sikubishana, kwa sababu kwa wakati ule imani hiyo ilimpa mdogo wangu kitanda chake na amani. Lakini naijua upande wake wa pili: mtoto wa mtu akiharisha akakonda, mama anaanza kunyooshewa kidole badala ya kusindikizwa hospitali.

Kuna mchana mmoja mdogo wangu aliniambia, bila kunitazama, "Dada, mimi simpendi huyu mtoto kama watu wanavyosema unampenda." Nilimchukua mtoto, nikamwambia aoge alale. Alilala mpaka magharibi. Machozi ya siku za mwanzo ni ya wengi. Kondo la nyuma likitoka, homoni zilizokuwa juu miezi yote ile zinaporomoka ghafla, na ongeza usingizi hakuna. Mara nyingi hayo yanapita ndani ya wiki mbili. Yakivuka hapo, mtu hataki kula, hawezi kulala hata mtoto akilala, anajiona hana faida, hiyo ni sonona, ni ugonjwa na una matibabu. Na akianza kusikia sauti, au kuongea visivyoeleweka, au kutaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, usimwache peke yake na mtoto, na ni hospitali siku ileile. Jirani alishauri akaangaliwe kwa mtaalamu wa mashetani. Nilisema dua tutaipiga tukiwa njiani kuelekea kliniki.

Kliniki mtoto alivuliwa, akapimwa, akaandikwa. Mama akaulizwa hali, akajibu nzuri, ndivyo tulivyolelewa. Ilibidi mimi niseme. Nesi yule, Mungu ampe maisha marefu, aliweka kalamu chini, akafunga mlango, akauliza upya, moja moja. Alitupangia turudi, na tuliporudi hali ilikuwa imepungua. Dawa yake kubwa kwa mdogo wangu ilikuwa usingizi na mtu wa kumwambia ukweli. Wapo ambao haiwatoshi, na wasionewe haya.

Alitupa pia mambo ya kuangalia, nikayabandika kwenye jokofu: damu inayolowanisha pedi ndani ya saa moja, homa, harufu mbaya, usaha kwenye mshono, mguu mmoja kuvimba na kuuma, na kichwa kuuma sana na macho kuona giza, kwa sababu kifafa cha mimba kinaweza kumpata mtu hata akiwa ameshajifungua. Mama mkwe, ambaye hakuwa akijua hilo la mwisho, alilisoma mara mbili, akapiga simu Marangu kulisimulia.

Likizo yangu ilipokaribia kwisha na arobaini bado, nikafungua kundi la WhatsApp. Nikaliita Kamati ya Arobaini, nikajipa uenyekiti bila uchaguzi. Sikuomba michango ya jumla, niligawa kazi: mmoja analipa mama wa kufua, mmoja ana supu ya Jumatano, mmoja analala pale Ijumaa ili mzazi apate usiku mmoja wa maana, mmoja anaangalia Luku ya umeme na gesi visiishie usiku. Watu ambao kwa harusi walijibu kwa dakika mbili walikaa kimya siku nzima. Shangazi yetu mmoja, ambaye sare yake ya kicheni pati ilimtoka laki, alituma elfu tano. Nikashukuru kwa herufi kubwa, ikanunua mkaa. Binamu mmoja wa kiume, ambaye hata sikumtaja kwenye zamu, alijitolea kubeba maji kila maji ya bomba yalipokatika, na alibeba.

Mwezi ujao ni zamu ya binamu yetu wa Tabata. Bebi shawa imeshapangwa, sare ni ya waridi. Nimependekeza kwenye kikao tufute keki na mapambo, hela zote ziwe za mama wa kufua na za mtu wa kulala pale usiku. Wanasema nina roho mbaya. Kura bado zinapigwa, na mpaka naandika hapa, upande wa keki unaongoza.