Siku tuliyochagua mlango wa moyo

Mdogo wangu alikuwa na miaka 20 tulipoitwa Muhimbili, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, tukae na daktari wake. Huku kwetu bonde la Kilombero walishasema yote: karogwa, ana mimba, mvivu tu huyo. Kumbe mlango mmoja wa moyo, upande wa kushoto, ulishakakamaa, haufunguki vizuri wala haufungi.

Daktari akaturudisha hadi mafindofindo ya utotoni. Kinga ya mwili ikiamka kupambana na vijidudu vya kooni, wakati mwingine huigeukia milango ya moyo, na madhara yakajificha miaka. Mama aliuliza mara mbili kama kweli koo linaweza kuharibu moyo. Kijijini mafindofindo ni maji ya moto na chumvi, basi. Nani apande gari kwa ajili ya koo?

Mlango ulitakiwa kubadilishwa. Wa chuma hudumu sana, lakini unadai wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku maisha yote, na damu ipimwe mara kwa mara: ikiwa nzito inaganda, ikizidi wepesi inavuja. Tena dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Wa tishu ya ng'ombe hauna kifungo hicho cha maisha, ila kwa kijana huchakaa mapema, na kifua kitapasuliwa tena.

Baba mdogo akasema chuma, kitu cha kudumu. Shangazi akang'aka: "Na wajukuu je?" Wakabishana kana kwamba mwenye moyo hayupo chumbani.

"Daktari," mdogo wangu akakatiza, akihema, "masika barabara ikikatika, hiyo damu nitapimiwa wapi?"

Hakuna aliyekuwa na jibu.

"Basi niwekeeni wa ng'ombe."

Daktari alimkumbusha kwamba sindano za penisilini za kila wiki nne, za kuzuia vijidudu vya kooni visirudi, zingeendelea, mlango wowote atakaochagua. Hizo, alijibu, hata zahanati yetu wanachoma.

Ndani ya basi la kurudi Ifakara baba mdogo alishaanza hesabu za upasuaji wa pili: heka ipi ya mpunga iuzwe, nani atachangia, watoto wa nani watakuwa wamemaliza shule. Mama akamvumilia mpaka Mikumi.

"Shemeji," akasema, "ngoja kwanza apone huu wa kwanza."