Kidonda cha shangazi na unga wa mlonge

Shangazi yangu wa Ngamiani, hapa Tanga, alichomwa na msumari uliopenya kandambili yake, wala hakujua mpaka alipoona damu sakafuni, kwa sababu kisukari cha miaka mingi kilikwisha kuziua hisia za nyayo zake. Wiki ya tatu kidonda kilikuwa bado kibichi, na majirani walianza kukiita donda ndugu. Nilipokwenda kumjulia hali nilikuta mezani kopo la unga wa mlonge, uwatu uliolowekwa tangu usiku, na vidonge vya bizari ya manjano alivyouziwa kwa ahadi kwamba kidonda kingefunga kwa siku saba.

Sikumwambia avitupe. Mimea si ya kudharauliwa: hata metformini, dawa ya kisukari anayoimeza kila siku, ina asili yake katika mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, na daktari Mfaransa Jean Sterne alichapisha matokeo yake kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1957. Mbegu za uwatu nazo zina utelezi unaopunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Lakini kidonda cha kisukari hukawia kupona kwa sababu nyingi kwa pamoja: sukari ikiwa juu, chembe nyeupe za damu hupambana na vijidudu kwa udhaifu, mishipa ikiwa imesinyaa, damu haifiki mguuni ipasavyo, na mguu usiohisi maumivu huendelea kukanyagiwa pale pale palipoumia. Kidonge cha bizari hakizibui mshipa, tena kiini chake hufyonzwa kidogo mno na utumbo.

Lililonitia hofu zaidi ni kwamba shangazi anatumia pia glibenklamaidi, dawa nyingine ya kushusha sukari, ambayo ikikutana na uwatu mwingi yaweza kuishusha sukari kupita kiasi.

“Shangazi, daktari anajua kwamba unakunywa uwatu?”

“Mwanangu, uwatu ni chakula. Nimwambie ya nini?”

Kesho yake tulikwenda kliniki pamoja. Muuguzi aliiondoa nyama iliyokufa, akakisafisha kidonda, akakifunga, kisha akamsihi asiukanyagie mguu ule. Daktari hakumkataza uwatu. Alimuuliza kiasi anachokunywa, akamtaka apime sukari mara nyingi zaidi na kula samaki na kunde, maana nyama mpya hujengwa kwa protini. Aliongeza chungwa moja zima, lisilokamuliwa, kwa ajili ya vitamini C ambayo mwili huihitaji kuunganisha ngozi. Nasi, kwa bahati njema, machungwa ya Muheza tunayo.

Sasa nyama changa nyekundu imeanza kujaza kidonda. Jana shangazi alinipigia simu kuniuliza kama unga wa mlonge waweza kunyunyizwa juu yake. Nilimwomba sana auache kwenye mboga, kwa kuwa unga wa majani yaliyoanikwa uani na kusagwa huweza kubeba vijidudu, na mguu ule hautamwambia kwa maumivu kwamba vimeingia.