Pale maji yamelala ndipo pa kuogopa

Jamani wageni wetu wa likizo ya Agosti, naomba mnisikize kabla hamjavua viatu. Mimi nimezaliwa Malindi na kila msimu wa kusi, upepo wa kusini, naona kitu kilekile, mtu anashuka ufuoni, upande mmoja anaona mawimbi yanavunjika meupe yanamtisha, upande wa pili kuna kama kichochoro, maji yamelala, hakuna povu, anasema ah hapa ndo pazuri, anaingia. Kumbe hapo ndo mlango wa mkondo, maji yanayorudi baharini kwa kasi na kumchukua mtu.

Mwaka jana nusura tumpoteze binamu yangu hivyohivyo. Katoka Nairobi, kuogelea anajua vizuri tu, tena bwawani anatushinda wote, akaingia maji ya kiuno pale palipolala na mimi nikageuka kidogo kuongea na mtu wa madafu, kurudisha macho namwona yuko mbali kuliko kila mtu, anapiga mikono kurudi na harudi. Nikaanza kuvua shati. Ami yangu, mvuvi, alikuwa hapo kwa mashua, akanikamata mkono akaniambia "Tulia wewe, tusije tukatafuta wawili." Kisha akapiga ukelele, "Wacha kupigana nayo! Lala chali!"

Alhamdulillah alisikia. Akalala chali, akainua mkono mmoja, maji yakambeba mpaka nyuma ya pale mawimbi yanapovunjikia, na huko mkondo ukamwachia wenyewe. Ami akamwashiria aende kandokando, sambamba na ufuo, mpaka kwenye mawimbi meupe, yakamsukuma hadi nchi kavu. Hakuweza kusimama. Alikaa mchangani anatapika maji ya chumvi na sisi tumekaa naye hatuna la kusema.

Sasa hii kitu inafanyaje kazi. Ghuba yetu upande wa mjini mwamba wa baharini haujaziba kama kwa jirani zetu wa Watamu, kwa hivyo kusi ikivuma, Juni mpaka Septemba hivi, mawimbi yanafika ufuoni na nguvu zake. Yanasukuma maji juu ya mafungu ya mchanga, na maji hayo lazima yarudi baharini, yanatafuta pengo baina ya fungu na fungu, yanatoka hapo kwa pamoja. Pengo lina kina, ndo maana wimbi halivunjiki na panaonekana shwari. Mkondo ukikaza unaweza kufika mita 2 kwa sekunde, yaani mita 50 kwa sekunde 25, na bingwa wa Olimpiki hizo mita 50 anazimaliza kwa sekunde kama 21. Wewe na mimi hatuwezi kushindana nao, na ndo maana hasira inanishika nikisikia mtu anaambiwa "piga mbio urudi". Mkondo haukuvuti chini. Kinachoua ni kuchoka na kuingiwa na hofu.

Ukifika ufuoni simama kwanza dakika 10 utazame. Tafuta pengo kwenye mstari wa mawimbi, povu au majani yanayoelea kwenda nje badala ya kuja ndani. Mimi hurusha kumvi la nazi nione linaelekea wapi. Watu husema angalia rangi, mahali penye weusi ndo pana kina, na ni kweli, lakini huku kwetu vuli ikinyesha na kaskazi, upepo wa kaskazini, ikianza maji ya mto Sabaki yanageuza ghuba nzima rangi ya udongo, rangi haikwambii chochote, na hiyo ndo Desemba watu wamejaa. Na uliza maji yanajaa au yanapwa. Siku za bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yakiwa yanapwa mkondo unakaza zaidi. Jana palikuwa salama haina maana leo pako hivyo, mafungu yanahama. Wavuvi wanajua, waulizeni, hawatozi pesa.

Na ukiona mwenzio anachukuliwa usimrukie mikono mitupu hata kama ni ndugu yako, mrushie kitu kinachoelea, kisha ita watu wa mashua. Mtungi wa lita 20, mtupu, kifuniko kimekazwa, unambeba mtu mzima. Tangu siku ile ami ana mitungi miwili ameifunga kamba ndefu, iko chini ya mvinje pale mashua zinapolala, na mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua bila kumuuliza.