Gorogoro Iliyobonyea

Mwaka 2009 ulianza kwa ukame. Mwezi Januari Rais Mwai Kibaki alitangaza njaa kuwa janga la kitaifa, lakini sisi tuliokuwa tukiuza nafaka katika soko la Kangemi tulikuwa tumeijua kabla ya kuisikia redioni, kwa sababu gunia la mahindi la kilo 90 tulilolinunua kwa wauzaji wa jumla wa Nyamakima lilikuwa likipanda bei wiki baada ya wiki hadi likakaribia shilingi 3,000. Nilikuwa na umri wa miaka 34, mama wa watoto watatu, mkubwa wao akiwa ndiyo kwanza ameingia kidato cha kwanza, na nilikuwa na deni la chama, kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana fedha, lililopaswa kulipwa kila Jumamosi. Nayataja haya ili hali ieleweke, si ili nijitetee, kwa maana jirani zangu wawili pale sokoni, waliokuwa na shida kubwa kuliko zangu, waliendelea kupima kwa haki mwaka ule wote.

Kwa asiyelijua soko la Nairobi, gorogoro ni mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili ambao, mafuta yakiisha, hugeuka kuwa kipimo. Sheria ya vipimo na mizani, Sura ya 513, inatambua kilo na mizani iliyopigwa muhuri, lakini mama anayenunua chakula cha leo kwa fedha za leo huipenda gorogoro kwa sababu anaiona ikijaa mbele ya macho yake. Nadhani ana haki ya kuipenda. Mahindi yakimiminwa humo na kufutwa kwa ubao hukaribia kilo mbili, na gunia moja hutoa gorogoro 45. Mwishoni mwa Februari nilikwenda Gikomba kwa fundi wa mabati, nikampa gorogoro mpya pamoja na shilingi 20. Hakuniuliza neno. Aliipindua, akaibana kati ya magoti, akagonga kitako taratibu kwa nyundo ya mti mpaka kikabonyea ndani kama sahani iliyofunikwa, kisha akapitisha kidole gumba pembeni kuhakikisha kwamba ukingo haukuharibika, kwa kuwa ukingo ndio ambao mnunuzi huutazama. Nilipofika nyumbani niliipima nikakuta imepungua gramu 200. Gunia lililokuwa likitoa gorogoro 45 sasa lilitoa 50, na kwa bei ya shilingi 80, hizo tano zilizozidi ziliniletea shilingi 400 ambazo sikuzitolea jasho.

Niliitumia kwa wiki 16, nikiuza magunia mawili kila wiki. Katika wiki hizo zote sikukosa ibada hata Jumapili moja. Nilikuwa mweka hazina wa akina mama wa kanisa letu, daftari langu halikuwahi kupotea hata shilingi, na kila mwisho wa mwezi niliketi mezani nikapiga hesabu ya faida yangu na kutenga fungu la kumi bila kupunguza. Zile shilingi 400 za kila gunia nazo nilizitolea zaka. Shilingi 40 nilimtolea Bwana na 360 nikabaki nazo, na nakumbuka vizuri kwamba nilipoitia bahasha ile katika kikapu cha sadaka moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo kuliko wizi wenyewe.

Siku moja ya Jumatano, katikati ya mwezi Juni, alikuja kibandani msichana wa miaka kama tisa. Nilimfahamu, maana mama yake, aliyekuwa akifua nguo katika nyumba za Loresho, alikuwa mteja wangu wa siku nyingi na alinunua gorogoro tatu kila wiki. Asubuhi ile nilikuwa nimempimia moja. Mtoto alirudi na mahindi yaleyale katika mfuko, na mkono wa pili ameshika gorogoro ya kwao, kuukuu, yenye kutu mdomoni, kitako chake kikiwa bapa. Aliiweka juu ya meza yangu, akayamimina mahindi ndani yake kwa uangalifu, akiziba pembeni kwa kiganja ili punje zisimwagike. Yalikoma chini ya mdomo, na ile nafasi iliyobaki juu ingetosha mtu kulaza vidole viwili. Kisha akainua uso akaniambia, bila hasira na bila kejeli, "Shikamoo, Mama. Mama amesema nikuulize, labda ulisahau kumalizia."

Nilichota konzi mbili, nikaijaza, nikaongeza nyingine juu, nikacheka kama mtu aliyesahau kweli. Mtoto alisema asante akaenda zake. Mkononi mwangu ilibaki punje moja ya mahindi iliyonasa kati ya vidole, nami sikuweza kuitupa wala kuirudisha guniani. Niliishika mpaka mteja mwingine alipofika. Laiti yule mama angekuja mwenyewe akanitukana mbele ya soko, ningepata la kumjibu, kwa sababu sokoni mtu hujifunza kujibu. Lakini nilikuwa nimeachiwa mlango wa kutokea kwa heshima, nami nikautumia kwa kusema uongo wa pili.

Jioni ile ilikuwa zamu ya nyumba yangu kuupokea ushirika wetu wa kusoma Biblia. Kikundi chetu kilikuwa na watu kumi na mmoja, na aliyekiongoza alikuwa mwalimu mstaafu tuliyemwita Mwalimu tu, mzee wa maneno machache. Ratiba yetu ilikuwa imefika Mathayo sura ya 23, na kama ilivyo desturi, mwenye nyumba ndiye anayesoma. Nilisoma bila shida hadi mstari wa 23: "Ole wenu waandishi na Mafarisayo, wanafiki! kwa kuwa mnalipa zaka za mnanaa na bizari na jira, lakini mmeacha mambo makuu ya sheria, yaani, adili, na rehema, na imani." Mstari huo nilikuwa nimeusikia tangu utotoni. Lakini bizari na jira zilikuwa zikiuzwa katika kibanda kinachopakana na changu, harufu yake ilikuwa imenikaa nguoni wakati huohuo nikisoma, na kabatini, hatua tatu kutoka nilipoketi, kulikuwa na bahasha ya zaka ya mwezi ule iliyokwisha kuhesabiwa. Sauti ilinikauka. Mama mmoja alidhani nimeshikwa na kichefuchefu akaniletea maji.

Hapo sina budi kumtaja nyanya yangu. Alikuwa mtu wa Kabete, ng'ambo tu ya Kangemi, na aliokoka akiwa msichana katika ule uamsho wa Kikristo ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kufika Kabete mwaka 1937. Ndugu wa uamsho walikuwa na neno lao, kutembea nuruni, nao walilichukua kama lilivyo: aliyeiba jembe alilirudisha kwa mwenyewe na kusema mbele yake kwamba aliliiba. Nyanya alitusimulia mara nyingi jinsi alivyotembea kutwa nzima kupeleka kitambaa cha meza kwa bibi Mzungu aliyekuwa amemfanyia kazi, na jinsi alivyosimama mlangoni akitetemeka. Tulipokuwa wadogo tulikipenda kisa hicho kwa sababu ya kitambaa na safari. Mimi nilikuwa nimekiweka pamoja na mambo mengine ya zamani, kama vile kutembea bila viatu. Jioni ile, nikiwa na bilauri ya maji mkononi, nilitambua kwamba nyanya hakuwa akitusimulia habari za kitambaa.

Basi nilisema. Nilieleza habari za Gikomba, fundi, gramu 200 na mtoto wa asubuhi. Mume wangu, ambaye naye alikuwa akiyasikia kwa mara ya kwanza, aliinamisha kichwa akatazama sakafu. Nilipomaliza nilikuwa nikilia, na nilitazamia kwamba wangenizunguka, wakaniwekea mikono, wakaniombea, tukaimba, nami nikalala nikiwa mwepesi. Mwalimu alingoja nikatulia, akafunga Biblia yake juu ya goti, akaniuliza kwa upole, "Mungu amekusikia, binti yangu. Ni kilo ngapi?"

Sikumwelewa, naye akarudia swali lilelile. Tukatafuta daftari la shule la mwanangu, na pale pale, watu kumi na mmoja wakitazama, tukapiga hesabu: magunia mawili kwa wiki 16 ni magunia 32, kila gunia gorogoro tano za wizi, kwa hiyo gorogoro 160, jumla kilo 320, yaani magunia matatu na nusu na kidogo juu. Kijana mmoja alikumbusha kwamba Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Mwalimu alisema Zakayo alijipangia mwenyewe kwa furaha yake na hakuna aliyeniwekea mzigo huo, lakini Walawi sura ya 6 inataka kitu kirudishwe kwa utimilifu wake na kuongezewa sehemu ya tano. Tukaongeza kilo 64, zikawa 384: magunia manne na kilo 24, karibu shilingi 12,800 kwa bei ya Nyamakima. Ndipo waliponiombea, na sala yenyewe ilikuwa fupi. Tangu siku ile nimesikia mahubiri mengi juu ya toba, mengine yakinitoa machozi, lakini sijasikia swali lililonifaa kama lile la kilo ngapi.

Nilianza kulipa Julai na kumaliza Novemba. Gorogoro ile niliipiga kwa jiwe nyuma ya kibanda mpaka ikawa chapati. Wateja wa mkopo walikuwa katika daftari langu la madeni, nami niliwaendea mmoja mmoja, nikamweleza kila mtu nilichomfanyia na kiasi cha mahindi nilichopaswa kumrudishia. Mzee mmoja alicheka akanikatalia, akisema kwamba wote tulikuwa tukiibiana mwaka ule. Mwanamke mmoja aliyapokea mahindi, akaniangalia, akawa ananunua katika kibanda kingine kuanzia siku ile, na haki hiyo ilikuwa yake. Walionunua kwa fedha taslimu sikuwajua kwa majina. Kwa hao tulikubaliana na Mwalimu kwamba kila atakayenunua gorogoro aongezewe kikombe kimoja hadi kilo zilizosalia ziishe. Nilifikiri hiyo ndiyo itakuwa sehemu nyepesi. Kumbe kila mtu, akiona kikombe cha nyongeza wakati wa njaa, huuliza sababu, nami nilikuwa nimeahidi kutojibu kwamba ni zawadi. Nilirudia maneno yaleyale mara nyingi kwa siku: nilikuwa nikiwapunja, hiki ni chenu. Mungu nilimwambia mara moja, usiku mmoja, nyumbani kwangu. Watu wa Kangemi niliwaambia kwa miezi mitano.

Jambo ambalo sikulitarajia ni hasira ya wenzangu. Kabla ya Agosti kuisha, wanunuzi katika safu yetu yote walikuwa wameanza kupindua gorogoro za kila mtu na kuvipapasa vitako vyake. Dada aliyeuza maharagwe mkabala nami, ambaye tulikuwa tumeazimana chenji kwa miaka sita, aliniambia, "Umejitakasa kwa jina letu." Hakukosea. Miongoni mwao walikuwamo wale wawili waliopima kwa haki siku zote, nao walipinduliwa vipimo kama wezi kwa sababu yangu. Niliwaomba radhi hao wawili, na mmoja wao hakunisalimu hadi Krismasi. Sikuwa na hesabu ya kulipia hilo, na hakuna daftari ambalo lingeweza kulibeba.

Nyumbani kwa yule mama wa Loresho nilikwenda mwisho, ingawa alistahili kuwa wa kwanza. Gorogoro tatu kila wiki kwa wiki 16 zilikuwa 48. Yeye na mtoto wake nilikuwa nimewapunja kilo tisa na gramu 600, na pamoja na sehemu ya tano zikawa kilo 11 na nusu, karibu gorogoro sita. Nilizibeba mgongoni nikashuka hadi chumba chake, nikabisha hodi. Alikuwa ametoka kazini, vidole vyake vimekunjamana kwa maji. Nilisema yote nikiwa nimesimama, naye alisikiliza bila kunikatiza. Kisha alimwita binti yake kutoka uani na kumwambia alete gorogoro.

Mtoto akaileta, ileile ya kutu. Mama akaketi kwenye kigoda, akayapima mahindi yote mbele yangu, akifuta kila gorogoro kwa ubapa wa kisu na kuyamimina katika ndoo, huku mtoto akihesabu kwa sauti. Ya sita haikujaa. Alinitazama, nami nikamwonyesha hesabu katika daftari, akaisoma taratibu, akatikisa kichwa kukubali. "Imetimia," alisema. Akanipa kikombe cha chai, tukanywa, tukazungumza habari za mvua zilizokuwa zimeanza kunyesha.

Aliendelea kununua kwangu. Nilihama Kangemi mwaka 2014, na hadi wiki yangu ya mwisho kibandani alikuja na gorogoro yake mwenyewe mkononi, naye aliiweka juu ya meza bila kusema kitu, nami nilimpimia kwa hiyo.