Yatatosha?

Tangu Jumapili swali la shangazi limenikaa kooni. Ni yule anayepikia watu misibani kwa masufuria yake, aliyeolewa katika familia ya Wakatoliki. Tulikuwa tunachambua mchele, akaniuliza: "Mwanangu, wewe unayefundisha kipaimara, haya niliyoyatenda yatatosha?" Nikamjibu upesi, kama ninayesahihisha daftari: "Shangazi, matendo hayaokoi." Akapepeta ungo mara mbili. "Kumbe. Basi nilikuwa nayafanya ya nini?"

Wiki hii askofu amekuja, watoto 41 wamebarikiwa, paa la ukumbi limekamilika. Mimi bado niko pale kwenye ungo.

Nilichosema ni kweli, lakini nilikikata katikati. Nilimpa Waefeso 2:8 na 9, nikaiacha ya 10.

Aya ya 8 inasema "mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani". Mmeokolewa ni kauli ya kutendwa: yuko aliyeokoa. Sisi tangu Uamsho wa Afrika Mashariki, lile vuguvugu la toba na ushuhuda makanisani, tumezoea kusema "nimeokoka", na katika kuokoka mtendaji hatajwi. Taratibu mtu huanza kujiona ndiye aliyejitoa shimoni. Ile -me- nayo ina uzito, kwa sababu tendo limekwisha na hali yake ingalipo. Neema ndiyo chanzo. Imani ni mkono mtupu unaopokea.

Kisha panakuja mahali ambapo darasa langu hukwama kila mwaka: "ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu". Hiyo ni ipi? Kwa Kiswahili neema, njia na imani zote ni ngeli moja, kwa hiyo sarufi haikuambii. Katika Kigiriki neema na imani ni nomino za jinsia ya kike, lakini kiwakilishi kilichotumika, touto, si cha kike wala cha kiume. Hakishiki neno moja; kinabeba jambo zima la kuokolewa, imani ikiwa ndani yake. Kosa linaanzia hapa. Mtu anayaondoa matendo kwenye mizani, halafu anaiweka imani palepale: je, nimeamini vya kutosha? Ni swali lilelile la shangazi, limebadilishwa kanga tu.

Na tuache kuwasingizia wakwe zake. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1547, katika kanuni yake ya kwanza kabisa juu ya kuhesabiwa haki, yaani kukubaliwa na Mungu kuwa mwenye haki, ulimlaani anayesema mtu aweza kuhesabiwa haki kwa matendo yake mwenyewe pasipo neema ya Mungu kwa Kristo. Ugomvi ulikuwa mahali pengine, na sehemu kubwa yake Wakatoliki na Walutheri waliutilia sahihi ya maelewano Augsburg, tarehe 31 Oktoba 1999.

Jumatano usiku ndipo nilipoisoma tena aya ya 10 polepole, na moyo ukafunguka. "Maana tu kazi yake, tuliumbwa katika Kristo Yesu, tutende matendo mema, ambayo tokea awali Mungu aliyatengeneza ili tuenende nayo." Aya ya 9 imesema si kwa matendo, ya 10 inasema tumeumbwa tuyatende. Hayakuondolewa, yamehamishwa kutoka mbele ya wokovu kwenda nyuma yake. Kwa hiyo zile sufuria ziliandaliwa kabla shangazi hajajua kuwasha moto! Hakuwa analipa deni. Alikuwa anatembea katika njia aliyotengenezewa.

Yakobo naye, anayeandika kwamba imani pasipo matendo imekufa, hapingi. Paulo, katika Warumi 4, anauliza Abrahamu alihesabiwa haki lini: ni Mwanzo 15, kabla Ishmaeli hajazaliwa Abrahamu akiwa na miaka 86, na alitahiriwa akiwa na 99. Basi haki ilitangulia tohara kwa miaka 13 na zaidi. Yakobo anaitazama Mwanzo 22, Isaka yuko juu ya madhabahu, na imani anayoikemea ni ile ambayo hata mashetani wanayo, ile inayomwambia mwenye njaa "mkaote moto na kushiba" bila kumpa kitu.

Jumamosi nitaenda kwake na Biblia, nianze na aya ya 10, nirudi nyuma hadi ya 8. Nitamwomba radhi kwanza.