Tazama Umeacha Kufanya Nini: Uzoefu Wangu na Ugonjwa wa Wasiwasi Hapa Lamu

Wanawake ninaoshona nao kofia hapa Langoni huniuliza swali moja: ulijuaje kwamba ule ni ugonjwa, si hofu tu ya binadamu? Hofu kila mtu anayo. Bahari ikichafuka wakati wa kusi, hata nahodha huogopa. Mtoto akichelewa kurudi chuoni, mama hatulii. Mimi huwajibu hivi: usitazame tu moyo unavyodunda. Tazama umeacha kufanya nini.

Mimi niliacha kupanda chombo. Kwa mtu wa bara huenda hilo si kitu, lakini mtu wa kisiwani asiyepanda chombo amebakiwa na nini? Arusi za jamaa zetu wa Pate na Siyu ni chombo. Uwanja wa ndege uko Manda, ni chombo. Mabasi ya kwenda Malindi na Mombasa yanaondokea Mokowe, ni chombo. Mwanangu wa kike ameolewa Malindi. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza, aliyekwenda kukaa naye mpaka arubaini ni wifi yake, si mimi mamake. Watu waliambiwa mgongo unanisumbua.

Mara ya kwanza ilinikuta tukienda arusini Pate. Boti ilikuwa imejaa, wanawake wanapiga vigelegele, na tulipofika Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari wenye maji machache, tukasimama kusubiri maji yajae kidogo ndipo tupite. Hapakuwa na wimbi wala upepo wa kutisha, wala sikuwa na jambo moyoni. Ghafla moyo ukaanza kwenda mbio. Kifua kikabana, nikavuta pumzi nikaona haishuki, nikavuta nyingine kwa nguvu zaidi. Vidole vikafa ganzi, kisha midomo. Jasho jembamba likanitoka mgongoni ilhali mikono ni baridi. Sauti za wenzangu nikazisikia kwa mbali, ijapokuwa tumekaa bega kwa bega. Nilikuwa na yakini kwamba nakufa, nikatamka shahada. Wifi yangu alinilegeza buibui shingoni akaanza kunipepea kwa ncha ya leso. Tulipofika gati la Mtangawanda, lile jambo lilikuwa limekwisha kupita, ila mwili haukuwa na nguvu hata ya kubeba mkoba.

Arusini nilikaa, nikala, nikacheka na watu. Lakini kichwani nilikuwa nafikiria safari ya kurudi tu.

Baada ya hapo kila mtu alikuwa na lake. Kuna waliosema presha. Kuna waliosema kijicho, maana nilikuwa nimevaa dhahabu. Bibi mmoja wa mtaani alisema Mkanda una wenyewe. Mamangu alikwenda kwa mwalimu akaniletea kombe: aya zimeandikwa kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi, nikanywa siku zote alizoagiza. Sikuona vibaya, na hadi leo sioni vibaya. Nikisomewa Qur'ani moyo wangu hutulia, na ule utulivu niliuhitaji sana. Ila lile jambo lilirudi, na halikungoja tena niwe baharini. Likaja usiku niko kitandani. Likaja niko Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, punda wawili wamebeba mawe ya matumbawe, kichochoro ni chembamba, hapana pa kupita, nikageuka nikarudi nyumbani bila kununua nilichokiendea.

Na baina ya siku moja ya namna ile na nyingine, sikuwa mzima. Hili ndilo watu hawalijui, wanadhani ugonjwa ni yale mashtuko tu. Usingizi ulikatika saa nane za usiku na haukurudi. Mabega yaliniuma kana kwamba nimebeba ndoo. Nilimkaripia mume wangu kwa jambo dogo, nikajuta, nikamkaripia tena. Simu ikilia nadhani ni msiba. Tumbo likawa halitulii. Na kazini ndiko kulikoniumiza zaidi. Kofia ya viua hutaka mkono uliotulia: kila kitundu unakizungusha uzi mwembamba mpaka kinakuwa duara safi, na vitundu ni mamia. Nilikuwa nikihesabu mchoro, napotea, naanza tena. Sindano ikitetemeka, kitundu kinakuwa yai badala ya duara, na mnunuzi wa Lamu anaona kabla hujamwambia bei. Maisha yangu yalikuwa yakipungua kama kitambaa kinachokatwa ukingo kidogo kidogo kila siku.

Kwenye duka moja la dawa niliuziwa vidonge vya kulala bila kuulizwa lolote. Nililala, haki. Lakini kidonge kimoja kikawa hakitoshi, na siku nikikikosa, mashaka yanakuja mara mbili. Baadaye nilielezwa kuwa dawa za jamii ile, kama diazepamu, hutuliza haraka lakini mwili huzizoea upesi, na hazipaswi kutumiwa muda mrefu bila daktari kusimamia. Jirani, ukisoma hapa na unazo kabatini, usizikatize ghafla pia. Mwone daktari akupunguzie taratibu.

Aliyenisukuma hospitali ni yule yule mwalimu aliyeniandikia kombe. Alimwambia mamangu, "Nimesoma nilichojaaliwa kusoma. Mpelekeni na kwa madaktari, Mtume ametuamrisha tujitibu." Mamangu hakuwa na la kusema baada ya hapo.

Hospitalini walianza na mwili, na nawasihi mkatae kupewa jina la wasiwasi kabla mwili haujapimwa. Walinipima presha, wakanibandika waya za kupima umeme wa moyo, wakatazama wingi wa damu, sukari, na tezi ya shingoni. Tezi hiyo ikifanya kazi kupita kiasi huupeleka moyo mbio, mikono hutetemeka, mtu hukonda na hapati usingizi, na ukimtazama utasema ni mashaka. Upungufu wa damu nao huleta moyo kudunda na kuishiwa pumzi. Waliniuliza dawa ninazomeza, na chai. Nilikuwa nashona usiku kwa chai nzito ya rangi, kikombe juu ya kikombe. Kijana aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni aliulizwa kuhusu muguka, na ni haki aulizwe, maana majani yale huamsha moyo na kufukuza usingizi, kisha watoto wetu wanaambiwa wamelogwa.

Majibu yalipotoka safi, nilipelekwa kwa muuguzi wa afya ya akili, mwanamke mtulivu ambaye hakuandika kitu mpaka nilipomaliza kusema. Kisha akanipa karatasi yenye maswali 7. Katika wiki 2 zilizopita, ni mara ngapi umejisikia una mashaka, umeshindwa kuzuia mawazo, umeshindwa kutulia, umekereka upesi, umeogopa kana kwamba jambo baya litatokea? Kila swali lina alama kuanzia 0, yaani hata siku moja, hadi 3, yaani karibu kila siku. Jumla ni 21. Ikifika 10, mtu anahitaji kuchunguzwa zaidi. Ikifika 15 au zaidi, hali ni kali. Zangu zilipita 15. Alinieleza kuwa karatasi peke yake haitoi hukumu, ndiyo maana akauliza mengi: tangu lini, nyumbani kuna salama, kuna niliyemzika, nimewahi kutamani kufa. Wasiwasi wa jumla, alisema, huhesabiwa ugonjwa ukikaa kwa muda wa miezi 6 hivi, ukija siku nyingi kuliko usivyokuja, na ukiharibu kazi au maisha ya mtu. Yale mashtuko ya ghafla ni jambo la pili, na mara nyingi mtu mmoja huwa na yote mawili.

Kisha akanieleza kuhusu vidole. Kwa mtu aliyeamini anakufa, maelezo haya yalikuwa dawa. Mwili ukidhani kuna hatari, humwaga homoni za kukimbia: moyo unakazana, misuli inakaza, pumzi zinakwenda haraka. Ukihema haraka kuliko unavyohitaji, hewa ya kaboni hupungua mno kwenye damu, na hapo ndipo vidole na midomo hufa ganzi, kichwa huzunguka, na unajiona umekosa hewa ilhali unayo tele. Mara nyingi hali ile hufika kileleni ndani ya dakika 10, kisha hushuka yenyewe hata usipofanya lolote. Alirudia hayo maneno ya mwisho: hata usipofanya lolote.

Nilidhani niko peke yangu mjini. Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019 zinasema watu milioni 301 duniani walikuwa na magonjwa ya aina hii, wanawake wengi kuliko wanaume, na wanaopata tiba ni wachache: katika kila 4 wanaohitaji, ni 1 hivi tu.

Tiba yangu ilikuwa ya pande mbili. Daktari aliniandikia sertralini, kwanza nusu kidonge. Nitasema wazi jinsi ilivyo, kwa sababu wengi huiacha katika wiki za mwanzo wakidhani imewadhuru. Siku za kwanza nilisikia kichefuchefu, na mashaka yakazidi kidogo. Nilikuwa nimeonywa, kwa hiyo niliendelea. Dawa hii haitulizi leo kwa leo, huchukua wiki 4 hadi 6 mtu kuona tofauti. Mimi tofauti niliiona kwenye usingizi kwanza, halafu kwenye sindano.

Upande wa pili ni mazungumzo. Mwanasaikolojia alikuwa Malindi, na mimi ni mtu nisiyepanda boti, basi tulianza kwa simu. Aliniita "mama" na kunipa kazi za kufanya, wala hakuniruhusu nizungumzie hofu tu wiki hadi wiki. Alinifundisha kwamba kila nilipolikwepa boti nilipata nafuu ya papo hapo, na nafuu ile ndiyo iliyoufunza mwili kuwa boti ni hatari kweli. Dawa yake ni kurudi pale pale, hatua kwa hatua, na kubaki mpaka hofu ishuke nikiwa bado nipo.

Tuliziandika hatua kuanzia nyepesi. Kusimama gatini na kutazama abiria wakipanda. Kukaa ndani ya boti iliyofungwa. Kwenda Shela kwa maji badala ya kutembea pwani. Kuvuka Mokowe na kurudi. Mwisho Pate, kupitia Mkanda.

Ile boti iliyofungwa ilikuwa kazi kuliko watu wanavyodhani. Shemeji yangu ana boti ya abiria, akaniachia nikae baada ya alasiri. Nimekaa ubaoni, mkono umeshika ukingo, kamba ya gati inakaza na kulegea, chini maji ya pwani yana harufu ya mafuta na mwani. Moyo ukapanda. Kila kiungo kiliniambia toka. Niliambiwa nisihesabu pumzi kwa hofu, nizitoe polepole tu kuliko ninavyozivuta, na nitazame kilichopo mbele yangu: msumari wenye kutu, kamba ya kijani, mtoto anavua kwa mshipi. Mikono ikabaki kutetemeka kitambo, kisha nikagundua namtazama yule mtoto amepata samaki, na sijautazama moyo wangu. Nilishuka shemeji aliponiita, si hofu iliponifukuza.

Kwenye hatua ya Mokowe nilikwama. Kusi ilikuwa kali, nikapatwa na shtuko katikati ya maji, na wiki iliyofuata sikutaka kutoka nyumbani. Mwanasaikolojia hakunilaumu. Alinirudisha hatua moja nyuma, tukaanza tena. Kuna jambo jingine aliligundua: kila safari nilibeba chupa ya maji na kile kidonge cha zamani mfukoni, nikiamini ndivyo vilivyonivusha. Akaniomba nikiache kidonge nyumbani, kisha na chupa. Nilikuja kuvuka mikono mitupu, nikapanda basi, nikapita Hindi, Witu na Garsen mpaka Malindi, na mjukuu wangu akanikimbia kwa sababu hanijui. Tulizoeana kabla jua halijatua.

Kwa aliye na mtu wa namna hii nyumbani: hali ikimshika, msimzunguke watu kumi, msimwagie maji, msimwambie aache mambo yake. Mtu mmoja akae naye, aseme naye kwa sauti ya kawaida. Na msimfanyie kila anachokiogopa. Mume wangu kwa mapenzi yake alikuwa akinivukia Mokowe kwa kila haja, na ilibidi daktari azungumze naye ndipo akaacha. Sasa husema tu, "Nitakusindikiza gatini."

Lakini maumivu ya kifua yanayokuja ukifanya kazi nzito, au yanayopanda kwenye taya na mkono, usiyaite wasiwasi. Kimbilia hospitali. Na aliyefika kutamani kufa asingoje kliniki: Msalaba Mwekundu wa Kenya wana namba 1199, ya bure, ya kuzungumza na mtu.

Dawa bado nameza. Daktari anataka nikae imara kwa miezi kadhaa ndipo aanze kuipunguza, na atapunguza kidogo kidogo, tukikwepa msimu wa kusi. Chai ya usiku nimeiacha, kofia nashona mchana.